Bunge likishasamehe ada, bili inatua kwa nani?

Mei 13, 2024, Gavana Glenn Youngkin wa Virginia, Marekani, alitia saini bajeti ya miaka miwili ya jimbo lake. Bajeti hiyo ilikuwa na mengi ya kuwashughulisha waandishi wa habari, lakini kilichokuja kuwasha moto ni aya chache kuhusu mpango unaoitwa kwa kifupi VMSDEP. Mpango huu huwasamehe ada, katika vyuo vya umma vya Virginia, wenzi na watoto wa wanajeshi waliouawa, waliotekwa, waliopotea vitani, au waliotoka jeshini na ulemavu wa kudumu wa kuanzia asilimia 90. Masharti mapya yalisema msamaha utakuwa wa shahada ya kwanza tu, mwanafunzi mwenyewe awe mkazi wa Virginia, ajaze fomu ya FAFSA ya kuomba misaada ya serikali kuu, na misaada hiyo iliwe kwanza kabla jimbo halijasamehe hata senti. Waliokuwa tayari wanasoma, pamoja na waliokwisha kulipia kushika nafasi chuoni kufikia Mei 15, hawakuguswa. Kutoka siku ya saini hadi siku hiyo ni siku mbili.

Unaweza kukisia kilichofuata. Wajane walifika Richmond, makao makuu ya jimbo, wakaongea mbele ya wabunge. Maveterani walioishi miaka mingi wakijua kwamba lolote litakalowapata, shule ya watoto imeshughulikiwa, walijiona wamegeukwa. Wabunge wa vyama vyote viwili walianza kurudi nyuma, na gavana aliyetia saini naye akataka masharti hayo yafutwe. Baraza la wawakilishi la jimbo likapiga kura mwishoni mwa Juni, Seneti ikavutana na wenzao kwa wiki kadhaa, na katikati ya Julai mabaraza yote mawili yakakubali kufuta kila kitu. Juu yake yakaongeza dola milioni 90 kwa miaka miwili ili mpango usiyumbe.

Simulizi iliyoenea ilikuwa ya wanasiasa wakavu wa roho waliopambana na wajane, na wajane wakashinda. Ni tamu, na ina ukweli ndani yake. Ila mimi nabaki kwenye zile milioni 90. Kama ada ilikuwa ikisamehewa miaka yote hiyo bila kelele, fedha hizo mpya zilikuwa za kulipia nini?

Zilikuwa za kulipia kile ambacho kwa muda mrefu bunge lilikuwa halilipii.

Tazama jinsi msamaha unavyofanya kazi chuoni. Mwanafunzi anaandikishwa kama wenzake. Ofisi ya fedha ya chuo inamfungulia hesabu: mstari wa kwanza ada ya muhula, wa pili michango ya lazima, kisha mstari wa tatu wenye alama ya kutoa na kiasi kilekile, na chini kabisa jumla ni sifuri. Mwalimu anafundisha, maabara inawaka taa, maktaba inafunguliwa. Hakuna hundi iliyotoka hazina ya jimbo kuja kuziba ule mstari wa tatu. Sheria imekiamuru chuo kisamehe, na chuo kitajua chenyewe kitakula wapi.

Linganisha na sheria ya GI Bill, ya kuwasomesha waliotumikia jeshini, ambayo ni ya serikali kuu. Ile ya kwanza ya mwaka 1944, na hii ya sasa iliyoanza kutumika Agosti 2009, zote zimesimama juu ya jambo moja: Idara ya Maveterani mjini Washington inatoa fedha. Chuo kinapeleka ankara, idara inalipa. Mzigo unabebwa na walipakodi wa nchi nzima, ambao ndio waliotumikiwa na yule mwanajeshi. Ukiwauliza wabunge wa Virginia, watakwambia nao wanalipa deni lilelile la heshima. Lakini namna wanavyolilipa inanikumbusha kikao cha harusi ambapo mtu anasimama, anaahidi ng'ombe, ukumbi unapiga makofi, kisha usiku anatuma vijana wakamkate ng'ombe wa jirani.

Na jirani huyo si yeyote tu. Virginia ina maveterani takriban laki saba. Pentagon iko Arlington, ndani ya jimbo hilo hilo. Norfolk kuna kituo cha wanamaji kikubwa kuliko vyote duniani, na kilomita chache kutoka hapo kuna chuo kikuu cha Old Dominion. Familia za wanajeshi zinaishi pale, watoto wanasoma shule za pale, na wakimaliza wanakwenda chuo kilicho karibu. Kwa hiyo msamaha unarundikana kwenye vyuo vilivyo jirani na kambi, ambavyo vingi ni vya watoto wa wafanyakazi wa kawaida na havina akiba ya kutisha. Chuo Kikuu cha Virginia kule Charlottesville kina mfuko wa uwekezaji wenye mabilioni ya dola na kinaweza kusamehe wanafunzi mia kadhaa bila kutokwa jasho. Old Dominion hakina ubavu huo. Pengo likiwa kubwa, njia ni mbili: kupandisha ada ya wanaolipa, au kupunguza huduma kwa wote. Anayelipa deni la taifa kwa mwanajeshi, mwisho wa hesabu, ni binti wa mpishi wa hotelini Norfolk aliyekopa ili asome uuguzi.

Miaka ya nyuma hili halikumuumiza mtu kwa sababu idadi ilikuwa ndogo. Mwaka 2019 walionufaika walikuwa kama 1,400, na thamani ya ada iliyosamehewa ilikuwa takriban dola milioni 12. Kufikia 2023 walikuwa wamevuka 6,000, na kiasi kimefika milioni 65. Miaka minne tu. Wakuu wa vyuo walipoanza kupiga kelele hawakuwa wanawachukia wajane. Walikuwa wanaangalia mstari wa tatu ukirefuka kila muhula.

Familia zilizopigania mpango zilizihoji hesabu hizo, na sehemu ya hoja yao inasimama. Bei iliyoandikwa ukutani si gharama. Ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 200 ukiongezwa wa 201, mwalimu ni yuleyule na umeme ni uleule. Pia wapo ambao wasingekanyaga chuo hicho kama wangetakiwa kulipa, kwa hiyo chuo hakikupoteza ada yao, maana hakikuwa nayo. Tena msamaha wenyewe haugusi bweni wala chakula, na fedha za bweni zinaingia chuoni kama kawaida. Yote sawa. Ila hoja hii inafaa kwa wanafunzi kumi, au mia. Elfu sita ni chuo kizima. Na kwenye kozi kama uuguzi na uhandisi, ambako nafasi zinahesabiwa kwa vitanda vya hospitali na meza za maabara, kiti kimoja kinaweza kukaliwa na mtu mmoja tu.

Kwa nini idadi ilipaa hivyo? Hapa inabidi kurudi nyuma, kwa sababu sheria hizi zilitungwa kwa vita vya aina nyingine.

Mpango wa Virginia ulianza mwaka 1930, kwa ajili ya yatima wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yatima, yaani baba amekufa. Vita vya namna ile vilikuwa na hesabu ya kikatili lakini rahisi: waliokufa walikufa, waliorudi walirudi, na idadi ya yatima ilijulikana ikawa inapungua kadiri watoto walivyokua. Serikali kuu nayo mwaka 1956 ikatunga sheria yake ya elimu ya yatima wa vita. Nyakati hizo ada ya chuo cha umma ilikuwa ndogo, kwa hiyo hata jimbo lilipokiambia chuo kisamehe, hakuna aliyekosa usingizi.

Iraq na Afghanistan zimebadilisha hesabu hiyo. Fulana za kuzuia risasi, helikopta za kuwahi majeruhi na madaktari wa upasuaji walio karibu na uwanja wa vita vimeokoa maisha ambayo Vietnam yangepotea. Matokeo yake, kwa kila aliyezikwa kuna wengi waliorudi na mgongo uliovunjika, masikio yanayolia mchana kutwa, mapafu yaliyoungua kwa moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na kiwewe kinachowaamsha saa nane za usiku. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya PACT, iliyorahisisha madai ya waliovuta sumu hizo. Ilikuwa haki yao, na ilichelewa. Lakini kila daraja la ulemavu linalopanda Washington linafungua mlango wa chuo Virginia, na waliofungua mlango huo sio watakaomlipa mwalimu.

Halafu kuna jambo ambalo wanasiasa wanalipitia harakaharaka. Yatima halisi wa vita vya karibuni wana msaada wa serikali kuu tayari. Upo ufadhili wenye jina la John David Fry, sajenti wa Marine na mtaalamu wa kutegua mabomu aliyeuawa mkoa wa Anbar, Iraq, mwaka 2006, akaacha mke na watoto watatu wadogo. Mtoto wa mwanajeshi aliyekufa kazini baada ya Septemba 11, 2001 analipiwa ada yote ya chuo cha umma cha jimboni kwake, na posho ya nyumba juu, na anayelipa ni Washington. Kwa hiyo unaposikia hotuba kuhusu yatima kwenye mabunge ya majimbo, ujue kwamba wengi wa wanaobebwa na msamaha wa jimbo leo ni watoto wa mzazi aliye hai, aliye mlemavu. Sisemi hawastahili. Nasema hotuba inataja kundi moja na bajeti inaumizwa na kundi jingine, na mtu asipoyasema haya waziwazi hawezi kutunga sheria inayodumu.

Sasa tuje kwenye asilimia 90, maana hapo ndipo mambo yanapochekesha kwa uchungu.

Idara ya Maveterani haijumlishi asilimia kama tunavyojumlisha sisi sokoni. Inaanza na mwili mzima, mia moja. Jeraha kubwa linakata sehemu yake, kisha jeraha la pili linakata kutoka kwenye kilichobaki. Mwisho jawabu linasogezwa kwenye kumi iliyo karibu, na tano inapanda juu.

Chukua masajenti wawili waliotumikia kikosi kimoja. Wote wana kiwewe cha vita kilichopimwa asilimia 70. Wa kwanza ana tatizo la kukatika pumzi usingizini na analala na mashine ya kupumulia. Kwa kitabu cha idara hiyo ni asilimia 50. Mwili uliobaki ni 30, nusu yake ni 15, jumla 85, inapanda mpaka 90. Wa pili amevunjika kiuno, na hawezi kuinama mbele zaidi ya nyuzi 30. Kitabu kinampa 40. Asilimia 40 ya 30 ni 12, jumla 82, inashuka mpaka 80. Watoto wa sajenti wa kwanza wanasoma bure chuo chochote cha umma Virginia, hata William & Mary ambako ada ya mkazi ni zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Watoto wa yule asiyeweza kuinama kufunga kamba za viatu hawapati kitu. Kwa mtoto mmoja, tofauti ya kulala na mashine na kuumwa kiuno ni zaidi ya dola 80,000 kwa miaka minne.

Vuka mpaka wa jimbo na hadithi inabadilika tena. Wisconsin inaanzia asilimia 30, kwa hiyo sajenti wa pili angekuwa amepita kwa mbali. California ina mpango ambao mtoto wa veterani mwenye ulemavu wowote unaotambuliwa kuwa umetokana na utumishi, hata ukipewa asilimia sifuri, anaweza kusamehewa ada, mradi kipato cha mtoto huyo kiwe chini ya kiwango kilichowekwa. Sifuri! Mtu ana kovu la kazini, idara imeliandika na kulipatia daraja la sifuri, na karatasi hiyo inamfungulia mwanawe milango ya chuo kikuu cha Berkeley. Watu hawa wote waliapa kiapo kimoja, kwa bendera moja.

Texas inastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu iliyapitia ya Virginia miaka kumi kabla na haikujifunza mengi. Msamaha wao, unaoitwa Hazlewood kwa heshima ya seneta wa jimbo Grady Hazlewood, una mizizi ya mwaka 1923. Unampa veterani hadi saa 150 za masomo, yaani vipimo vya mzigo wa kozi chuoni, bila ada. Mwaka 2003 bunge la Texas liliviachia vyuo vijipangie ada vyenyewe, na ada ikapanda. Mwaka 2009 likaruhusu veterani ampe mwanawe saa ambazo hakuzitumia. Kila uamuzi peke yake ulikuwa na sababu zake. Ukiviweka pamoja, umeahidi kusamehe kitu ambacho bei yake huidhibiti, na papo hapo umeongeza foleni ya wanaosamehewa. Thamani ya ada iliyosamehewa ilitoka kama dola milioni 25 mwaka 2009 hadi karibu milioni 170 mwaka 2014. Lilianzishwa fuko la kuvifidia vyuo, lakini linachorudisha ni sehemu ndogo ya kinachosamehewa. Mwaka 2015 wabunge walijaribu kubana masharti, maveterani wakajaa ukumbini Austin, na muswada ukafa. Tangu hapo hakuna mbunge mwenye hamu ya kuligusa jambo hilo, na vyuo vinaendelea kuziba pengo.

Kuna jambo la Texas linalowahusu moja kwa moja ndugu zetu. Hazlewood unamdai veterani awe ameingia jeshini akitokea Texas. Mwaka 2015 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Houston aliamua kwamba sharti hilo linavunja Katiba, baada ya veterani aliyejiunga na jeshi akiwa Georgia kufungua kesi. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo, na sharti likabaki. Sasa fikiria Mkenya au Mtanzania aliyetua Minnesota au Massachusetts kwa shangazi yake, akajiandikisha huko, jeshi likampeleka kambi kubwa ya Texas, akaoa pale, akanunua nyumba pale, akalipa kodi pale miaka kumi na mitano. Kwa Hazlewood yeye bado ni mtu wa Minnesota.

Sio wachache. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la Marekani liliendesha mpango wa MAVNI, uliowaandikisha wahamiaji wasio na ukazi wa kudumu kama walikuwa wataalamu wa afya au walijua lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wapo waliopewa sare na uraia kwa sababu tu wanaongea hivi tunavyoongea. Ongeza wale walioingia kwa kadi ya kijani kabla na baada ya hapo. Watoto wao ndio hawa wanaofika umri wa chuo sasa.

Kwa Virginia, kanuni ni kwamba veterani awe alikuwa mkazi wa jimbo alipoingia jeshini, au amekuwa mkazi kwa angalau miaka mitano kabla ya maombi. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mhamiaji, kwa sababu inahesabu alipoishi, haishii kwenye alipoanzia. Mtoto awe na umri kati ya miaka 16 na 29. Sasa turudi kwenye lile sharti la Mei 2024 kwamba mwanafunzi mwenyewe awe mkazi wa Virginia. Lingemgusa nani? Mtoto wa mwanajeshi aliyehamishwa kituo, au aliyeishi na bibi yake jimbo jingine wakati baba yuko Kandahar na mama anafanya kazi zamu mbili. Maisha ya jeshi ni kuhamahama kwa amri. Kumwadhibu mtoto kwa kuhama ambako mzazi aliamriwa ni sharti lililoandikwa na mtu ambaye hajawahi kufungasha masanduku kwa notisi ya wiki mbili.

Sharti jingine, lile la misaada ya serikali kuu kutangulia, lilisikika lina akili kuliko yote. Kwa nini jimbo lisamehe ada yote kama kuna fedha za Washington za kulipia sehemu? Hata baadhi ya waliowatetea wajane walilikubali. Mimi nadhani lilikuwa baya kuliko mengine, na sababu yake inaonekana ukikaa na karatasi na kalamu.

Ruzuku ya Pell ni ya watoto wa familia zenye kipato cha chini, na mwaka huo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Mjane anayeuza kwenye duka la nguo Hampton, mwanawe anaipata yote. Luteni kanali mstaafu mwenye asilimia 90, anayeshauri kampuni za ulinzi kule Fairfax, mwanawe hapati Pell hata kidogo, kwa sababu kipato chao ni kikubwa. Chini ya utaratibu wa zamani, wote wawili wanasamehewa ada, na mtoto wa mjane anabaki na Pell yake kulipia chumba, chakula, vitabu na basi. Chini ya sharti jipya, Pell ya mtoto wa mjane inamezwa na ada kwanza, kisha jimbo linasamehe kilichobaki. Wa kanali hana cha kumezwa, kwa hiyo anasamehewa ada yote kama zamani. Jimbo lingeokoa fedha, na kila dola iliyookolewa ingetoka mfukoni mwa maskini.

Nimesoma hoja za wanaotaka kipato kipimwe moja kwa moja, yaani kanali alipe na mjane asamehewe. Zina mantiki zaidi kuliko hiyo ya Pell. Ila nasita. Ulemavu wa kazini ni fidia, na fidia haiulizi una kiasi gani benki. Mfanyakazi aliyekatwa kidole kiwandani halipwi pungufu kwa kuwa mkewe ni daktari. Kama kuna sehemu ya kubana, ningeanza na ile ngazi ya 90 ambayo inampa mmoja kila kitu na mwenzake sufuria tupu. Msamaha ungeweza kupanda pole pole: asilimia 50 ya ulemavu isamehe sehemu, 70 isamehe zaidi, 100 isamehe yote. Gharama ya jumla inaweza kubaki palepale. Kinachoondoka ni ujinga wa kumfanya daktari anayepima kiuno awe ndiye mwamuzi wa nani atasoma chuo kikuu.

Na hata hayo hayatasaidia kama fedha hazina mstari wake kwenye bajeti. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa maana yake ni kwamba mtu anaona hela zikitoka. Mbunge akilazimika kila mwaka kuandika "VMSDEP, dola milioni kadhaa" kati ya barabara na polisi, atauliza maswali yanayostahili kuulizwa mapema: wangapi, kwa nini wanaongezeka, chuo gani kinalemewa, daraja gani la ulemavu linaleta wengi. Bunge la Virginia lilikaa miaka bila kuuliza kwa sababu halikuwa linalipa. Siku vyuo viliposema vimezidiwa, likashituka, likachukua kisu, likakata kwa siku mbili. Wajane waliumizwa na mfumo uliowaonyesha msamaha wao kama zawadi isiyomgharimu mtu. Mtu akiamini kitu ni cha bure, akaambiwa ghafla kwamba kinamgharimu mwenzake, hata huruma aliyokuwa nayo inapungua. Mwaka ule wapo wanafunzi wa kawaida walioanza kuuliza kwa nini ada yao inapanda ili mwingine asilipe. Sipendi swali hilo, lakini waliolipanda si wanafunzi.

Kwa haki, kile kilichofanyika Julai 2024 ni hatua ya kweli. Milioni 45 kwa mwaka, juu ya milioni 20 za kila mwaka zilizokuwa zimeshawekwa kwenye bajeti ya Mei, ni sawa na zile 65 za mwaka 2023. Kwa mara ya kwanza jimbo lilikubali kwamba chote ilichokuwa ikisamehe kina bei, na likaiandika. Tume ya ukaguzi na tathmini ya bunge nayo ikapewa kazi ya kuuchunguza mpango mzima, jambo ambalo lingefaa kufanywa kabla ya kisu.

Kasoro ni kwamba idadi inayokua haikusimama 2023 ikasubiri. Kila mwaka kuna maveterani wapya wanaofikisha 90, na kila mmoja ana watoto. Fedha zilizotengwa zilikuwa kiasi maalumu, kwa miaka miwili ya fedha inayoishia Juni 30, 2026. Sheria inayoviamuru vyuo visamehe haina kikomo cha idadi wala tarehe ya mwisho.